Majirani wa Uvimbe

Kidonda cha Gaudensia Mbano kilikuwa na miezi kumi na minne, na mimi nilikijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Kilianzia juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, pale jembe lilipomkata siku aliyokuwa akipalilia mahindi ambayo tulishamkataza kuyapalilia. Siku ile kilikuwa na urefu wa kidole. Sasa kilikuwa na ukubwa wa kiganja, chekundu chote, bila utando, bila kigaga, bila dalili hata moja kwamba mwili umearifiwa kuna pengo la kuziba. Hakikuoza vibaya, maana dawa za kuua vijidudu tulikuwa nazo za kutosha. Kilikaa wazi tu, na kilinuka.

Ninaanza na harufu kwa sababu hapa Kituo cha Ukimya cha Lihanje hatupendi itajwe. Wageni wakija kutoka mjini huonyeshwa ubao wa ukumbini, wenye majina ya wagonjwa, na mbele ya kila jina siku ambazo uvimbe wake umekaa bila kukua. Jina la Gaudensia lilikuwa la tatu kutoka juu: siku elfu moja mia tisa na kumi na moja. Wageni huupiga picha ubao ule, wanatikisa vichwa kwa heshima, wanakunywa chai na kuondoka. Safu ya vidonda haipo.

Kazi yangu inaitwa usikilizaji. Jina ni kubwa kuliko kazi. Mgonjwa anameza uzi wenye sifongo ndogo mwishoni, anashushia kwa maji, anasubiri dakika nane, kisha ninauvuta uzi taratibu huku yeye akitokwa machozi na kunitukana kimoyomoyo. Sifongo inarudi na seli ilizokwangua kwenye umio, pembeni ya uvimbe. Uvimbe wenyewe tabia yake tunaijua. Tunachotafuta ni majirani zake wanasema nini.

Maana seli huambiana. Seli ikitaka mwenzake akue na kugawanyika, humtumia kichocheo cha ukuaji, na yule mwenzake hukidaka kwa kipokezi kilicho juu ya ganda lake. Mimi kipokezi hukiita sikio, wagonjwa wananielewa. Seli ya saratani ina ugonjwa wa masikio: inasikia "kua, kua" kutwa kucha hata pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Kidani, kisahani kidogo cha dawa, kinayaziba masikio hayo. Watu walikiita kidani kwa sababu kinapandikizwa chini ya mtulinga, pale mwanamke anaponing'iniza kidani cha kawaida, na humo ndani ya kisahani kile mna kizuizi kinachochuruzika kidogo kidogo kwenye damu kila saa ya maisha yako. Uvimbe haufi. Unakaa kimya, na wewe unakula ugali wako na kuzeeka.

Ubaya wake ni kwamba kidani hakichagui masikio. Kinaziba ya uvimbe, kinaziba na ya ngozi, ya utumbo, ya mashina ya nywele. Nyusi hupukutika. Kucha hupasuka. Na jeraha likitokea, seli za kingoni hazisikii kwamba zinaitwa kuja kuziba. Ndiyo maana mwenye kidani hashiki kisu, hatembei pekupeku, na halimi.

Gaudensia alilima. Nilipomfunga bendeji ya kwanza nikamuuliza ana akili kweli, akanijibu kwamba Mngoni asipolima atakula nini, au nilitaka ale mbwa kama kwetu.

Tulikuwa watani, basi. Mimi ni Yusta Kikoti, Mhehe wa Kilolo, na Wahehe na Wangoni wametaniana tangu mababu walipochoka kupigana. Wapo wanaouchukulia utani kama pilipili ya pembeni ya sahani. Gaudensia aliufanya chakula chenyewe. Siku yake ya kwanza kituoni, akiwa mwembamba kama fito, hawezi kumeza hata mate, aliposikia jina langu aliwageukia watu waliokaa kwenye mabenchi akawaambia kwa sauti ya mkwaruzo wafiche mbwa wao. Nami nikamwambia akae chini apumzike, babu zake walikuja mbio kutoka kusini na mpaka leo pumzi haijawarudia. Watu waliokuwa wamekuja pale kufa walicheka siku ile. Tangu hapo, kwa miaka mitano na zaidi, mimi na yeye hatukuwahi kuambiana sentensi moja iliyonyooka. Majibu yake mazuri nilimpa kama malalamiko, kwamba hafi tu, anatumalizia uji wa kituo. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja.

* * *

Mwezi wa Februari nilikwenda kwa Daktari Mapunda, mkuu wa kituo, kumwomba tupunguze kizuizi cha Gaudensia ili kidonda kifunge.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Ingenisaidia sana. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akaniuliza nataka mgonjwa awe na mguu au awe na umio. Nikamwambia habari za nyumbani kwa Gaudensia, kwamba mumewe amehamia stoo, kwamba kanisani benchi lake hukaa yeye peke yake. Akasema anajua. Nikamuuliza kuhusu kupaka vichocheo moja kwa moja kidondani, akanikumbusha kwamba tulishajaribu marhamu hiyo kwa wagonjwa sita na haikusaidia, kwa sababu kichocheo unaweza kukimimina ndoo nzima, kama masikio yamezibwa hakuna wa kukisikia. Kukata mguu nako ni kufungua kidonda kikubwa zaidi.

Kisha akanifungulia faili la mzee mmoja wa Mbinga aliyeungua mkono kwa mafuta. Yule walimpunguzia kizuizi kwa wiki nane, kwa nia njema kabisa. Mkono ukaanza kupona. Seli za kiunzi, zile zinazofuma nyama na ngozi pande zote za mwili, zikaamka zikaanza kuitana, kama zinavyopaswa kuitana mtu anapoungua. Ila hazikuamka mkononi tu. Zile zilizouzunguka uvimbe nazo ziliamka, na zikaanza kutoa kichocheo cha aina nyingine, ambacho kidani hakina dawa yake. Uvimbe ukapata mlango wa pili. Walipokipandisha kizuizi hadi mwisho wake, mlango wa kwanza ulifungwa vizuri sana na chakula kikaendelea kuingia kwa ule wa pili. Mzee alikufa mwezi wa nne tangu apunguziwe.

"Kidonda kinapona kwa kelele, Yusta," Daktari aliniambia. "Huwezi kuwazibua majirani ukategemea uvimbe ubaki kiziwi."

Akaongeza kwamba hata hivyo sheria ipo. Mgonjwa akitaka kupunguziwa, aeleze kwa maneno yake mwenyewe mbele ya kinasa sauti, mara tatu, kwa siku tatu tofauti, kwamba ameelewa atakufa, kisha mkuu wa kituo atie sahihi. Na yeye hatatia. Nilitoka pale nikijua kwamba ana haki, na nilimchukia siku nzima.

* * *

Jumamosi moja mchana nilikwenda kwa Gaudensia kubadilisha bendeji. Mwalimu Desderi, mumewe, alinisalimia akiwa mbali, karibu na zizi, akaniuliza habari za kazi kwa adabu zote za mwalimu mstaafu. Hakusogea. Chakula cha mkewe kilikuwa kizingitini, kimefunikwa kwa sahani, kimepoa. Wifi yake hukileta, hugonga mlango mara mbili na kuondoka kabla haujafunguliwa.

Ndani alikuwa amechoma majani ya mkaratusi. Moshi ulikuwa mwingi kiasi cha kuchoma macho, na bado chini yake harufu ilikuwepo, imekaa kama mwenye nyumba. Nilimfungua, nikamsafisha. Hakunitania. Nilikuwa nimemaliza kufunga ndipo akasema, akitazama ukuta:

"Yusta, nizimie hiki kidude."

Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kuniita kwa jina. Akaeleza kwamba Eustella, mtoto wa kaka yake, anapata kipaimara mwezi wa sita, na yeye ndiye msimamizi wake tangu siku ya ubatizo. Msimamizi husimama nyuma ya mtoto, humwekea mkono begani, mbele ya Askofu na kanisa zima. Wiki iliyopita kaka yake alikuja, akakaa kwa mbali, akazunguka mbuyu kwa maneno nusu saa nzima, mwisho akasema labda safari hii wamtafutie mtoto msimamizi mwingine, yeye apumzike. Gaudensia alilisema hilo neno apumzike mara mbili, mara ya pili polepole.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Kila nilichopaswa kumwambia nilikuwa nacho kichwani, kutoka faili la yule mzee, hadi wiki na tarehe. Nikafungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikitoka ile ile ya siku zote.

"Nikikizima utakufa, Mngoni wewe. Na mimi sina muda wa kuja kuchimba kaburi."

Uso wake ukafunguka. Nadhani alishukuru kwamba nimemrudisha mahali tulipozoea.

"Nife upate nafuu? Sikupi raha hiyo," akasema.

"Miezi minne tu. Majirani wa huo uvimbe wako wataamka, watakuwa wanaulisha kisirisiri, na sisi hatutakuwa na dawa yao. Nyama itaanza kukwama, halafu ugali, halafu uji. Utakufa kwa njaa na sufuria limejaa."

"Wahehe kwa kutisha watu hamjambo," akasema, anacheka, anajipiga paja. "Ndiyo maana hata mbwa wakiwaona wanapanda miti."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekubali, mtani. Niue."

Tukacheka wote wawili mpaka Mwalimu Desderi kule zizini akageuka kututazama.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kuliko rozari. Hakuna neno nililomwambia siku ile ambalo halikuwa kweli. Niliutoa ukweli wote, hatua kwa hatua, lakini niliutoa kwa sauti ambayo kwa miaka mitano hakuwahi kuiamini hata mara moja, na nililijua hilo wakati ninasema. Ningeweza kumshika mkono, kumwita Gaudensia, kumwambia kwa ukavu kama nilivyoambiwa mimi. Ingechukua dakika moja. Sikufanya hivyo kwa sababu angeelewa, na akielewa angeweza kukataa, na akikataa mimi ningeendelea kukifungua kidonda kile kila Jumanne na kila Jumamosi, na kumkuta chumbani mle na moshi wake, mpaka mmoja wetu azeeke. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka apone zaidi kuliko nilivyotaka ajue.

* * *

Kumzimia kidani nisingeweza, kingepiga kelele kituo kizima. Lakini kidani hujipangia chenyewe. Kila wiki hupokea habari za majirani kutoka kwenye mashine yetu ya kusikiliza, na kikiambiwa kwamba majirani wamenyamaza kwa wiki kadhaa mfululizo, hupunguza kizuizi ili kuupumzisha mwili. Waliokitengeneza walikitilia huruma hiyo makusudi. Mimi nilipitia humo humo.

Nilikata uzi. Badala ya sentimita thelathini na tano nikatumia mfupi ambao haukuvuka meno, na badala ya kumezesha sifongo nikamkwangulia ndani ya shavu. Nikamwambia uzi mrefu umeadimika. Akasema afadhali, ule mrefu ulikuwa unamkumbusha ndoana. Seli za shavu hazina jirani mwenye matatizo, hazikuwa na la kusema, na mashine ikasoma ukimya mtupu na kuandika "umio, pembeni ya uvimbe" kama nilivyoiandikia. Wiki ya tatu kidani kikapunguza sehemu ya kumi. Wiki ya tano kikapunguza nusu. Ubaoni siku zake ziliendelea kuongezeka, na mgeni mmoja akamsifia Daktari Mapunda kwa ajili ya jina la tatu kutoka juu.

Dalili ya kwanza ilikuwa mwasho. Alinitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba mguu unamwasha kama umeingiwa na upupu, na ni lazima kuna Mhehe aliyemloga. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Kwenye ukingo wa kidonda, upande wa ndani, palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya waridi, upana wa uzi wa kushonea. Tuliinamia mguu ule, vichwa vikakaribia kugongana, na hakuna aliyetania. Wiki iliyofuata utando ulikuwa na upana wa punje ya mchele. Nyama ya katikati ikainuka. Nyusi zake zikaanza kuota, kwanza vivuli, kisha nyusi kamili za mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na akaninunia kwa siku tatu kwa sababu nilimwambia alikuwa mzuri zaidi bila hizo.

Wiki ya tisa kidonda kilifunga. Harufu ilikuwa imeondoka kabla yake, na watu walirudi kwa mpangilio ule ule waliokimbilia, ila kinyumenyume. Wifi alianza kusubiri mlango ufunguliwe. Halafu akawa anaingia. Mwalimu Desderi alirudisha godoro lake chumbani bila kusema lolote, kama mtu aliyekuwa ameliazima kwa jirani. Kaka mtu alikuja na mchele kilo tano na hakuligusia tena neno kupumzika.

Siku ya kipaimara nilikaa benchi la nyuma. Gaudensia alivaa gauni la kijani na viatu vya wazi, viatu vya wazi kwa makusudi, na aliposimama nyuma ya Eustella na kumwekea mkono begani, kovu lake lilionekana mpaka nilipokaa mimi. Nililia. Nilijua nilichokuwa nimefanya, na nilijua tarehe, na bado nasema kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu wala siku nyingine yoyote.

* * *

Jumanne iliyofuata nilitumia uzi mrefu. Nilikuwa nimejiahidi kwamba ni mara moja tu, kwamba kidonda kikishafunga nitarudisha kila kitu mahali pake, kizuizi kitapanda, na majirani watanyamaza kabla hawajazoea kusema. Mpango huo nilikuwa nimeupanga vizuri. Kila aliyewahi kuharibu jambo alikuwa na mpango wa namna hiyo.

Mashine ilichukua dakika ishirini. Mstari wa kichocheo cha kwanza, kile ambacho kidani kinakizuia, ulikuwa chini. Nilianza kushusha pumzi. Kisha mistari mingine ikafuata mmoja mmoja, na wa saba ulipopanda ulipanda mpaka ukatoka nje ya kioo. Ni ule ule niliouona kwenye faili la mzee wa Mbinga. Seli za kiunzi kuzunguka uvimbe wote zilikuwa zimeamka na zinasema kwa sauti moja, na ndani ya uvimbe masikio mapya yalishaota ya kuzisikiliza.

Nilikipandisha kizuizi hadi mwisho saa ile ile. Kidani kilitii. Mwezi wa saba nyama ikaanza kukwama. Mwezi wa nane ugali. Kovu halikufunguka, lilikuwa zuri, laini, lenye afya kuliko sehemu yoyote nyingine ya mwili wake.

Daktari Mapunda alisoma majibu mara mbili. Alisema hutokea, baada ya miaka mitano majirani wa wengine hugeuka wenyewe bila sababu inayojulikana. Aliandika hivyo. Aliniambia nisijilaumu, nilimhudumia vizuri mtu yule. Nilisema asante, Daktari. Asubuhi yake jina likaondolewa ubaoni na la nne likasogea juu.

Gaudensia nilimwambia mwenyewe. Nilimkuta amekaa kitandani karibu na dirisha, mchana, na kikombe cha uji ambacho hakikuwa kimepungua. Nilivuta kiti. Nilimwita kwa jina lake, na jina lile kinywani mwangu lilisikika kama la mtu mwingine. Nikaeleza yote: uzi mfupi, shavu, wiki tisa, mstari wa saba. Alinisikiliza akiwa amenikazia macho yenye zile nyusi zake mpya.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua. Nilikuambia siku ile."

"Uliniambia kama mtani."

Nilitazama kikombe chake cha uji.

"Mimi nilidhani unapunguza kidogo, kwa kuwa unanionea huruma, na unaficha huruma yako kwenye maneno. Ndivyo nilivyofikiri. Usiku nilikuombea." Alijaribu kumeza mate, ikachukua muda. "Ungeniambia kwa kweli, Yusta, ningebaki na kidonda."

"Kipaimara je?"

"Eustella angesimamiwa na mtu mwingine. Mtoto angekuwa amepata kipaimara chake, na mimi ningekuwa hai hapa ndani na moshi wangu. Ningemwona akiolewa. Kwa mbali, lakini ningemwona." Akaweka kikombe dirishani. "Ulichoka kunisafisha. Ungesema hivyo ningetafuta mtu mwingine wa kunisafisha."

Nilimwomba msamaha. Akasema nimpe muda, na wote wawili tulijua kwamba hana. Niliendelea kwenda kila Jumanne na kila Jumamosi. Alinipokea vizuri, alinijibu salamu, alinishukuru kwa dawa ya maumivu. Aliniita Sista, kama wagonjwa wengine wote wanavyoniita. Nilimtania mara moja, kidogo, kuhusu mbwa, naye akanitazama kwa upole akasema mgongo unauma, nimgeuze.

* * *

Alikufa mwezi wa tisa. Mwalimu Desderi alimtuma mtu kituoni kuniita, akasema marehemu hakuwa na mtani mwingine Lihanje nzima, kwa hiyo nifike mapema, maana bila mtani mazishi yake yatakuwa kama ya mgeni.

Anayejua mazishi ya kwetu anajua mtani anatakiwa kufanya nini. Wengine wanalia, mtani anachekesha. Anamwigiza marehemu, anadai madeni yake ya uongo, anashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamhonge. Hairuhusiwi kumkasirikia. Nilimwambia Mwalimu kwamba siwezi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Alikupenda sana. Kila ukiondoka hapa alikuwa anacheka peke yake." Hakuwa na habari za miezi ile ya mwisho. Gaudensia alimficha, ili asinichukie.

Basi nilijifunga kitenge chake, nikapita katikati ya watu nikichechemea kama alivyochechemea wakati wa kidonda. Wakacheka. Nikaziba pua na kujikimbia mwenyewe. Wakacheka zaidi, hata wifi, hata kaka mtu, ambao kicheko hicho kiliwahusu. Nikashuka kaburini. Udongo ulikuwa wa baridi na mwekundu, na nikisimama ukingo ulinifika kidevuni. Juu mtu mmoja akanipigia kelele, kama desturi ilivyo, akauliza mtani wangu amekufa kwa nini.

"Nimemuua mimi," nikasema.

Wakapiga makofi.

Nikawaambia nimekata uzi. Nikawaambia urefu wake. Nikaeleza nilivyomkwangua shavu na kuidanganya mashine kwamba ni umio, jinsi kizuizi kilivyoshuka sehemu ya kumi, kisha nusu, jinsi majirani wa uvimbe walivyoamka na mimi nikiwa kanisani nalia kwa furaha. Nikasema nilichoka na harufu yake. Nikasema angependa kubaki na kidonda, nami sikumuuliza. Kadiri nilivyotaja tarehe na vipimo ndivyo walivyozidi kucheka, maana hakuna aliyewahi kuona mtani anayejua kuigiza mambo ya hospitali kwa ufasaha ule. Mwanamke mmoja ilibidi akalishwe chini. Mwalimu Desderi alikuwa amesimama kichwani pa kaburi, anacheka na machozi yanamtoka, mabega yanatikisika, na watu walimtazama kwa faraja kwa sababu tangu msiba uanze alikuwa hajafungua mdomo.

Kwa Daktari Mapunda sikuwa nimesema. Kwa padre sikuwa nimesema. Nilisema pale, kwa sauti ile, na nilijua watacheka.

Mwalimu akaletewa jogoo mweupe, miguu imefungwa. Akainama na kunipa, akaniomba kwa jina la marehemu nikubali kutoka, jua linazama na Padre anasubiri. Nilimpokea yule jogoo. Watu wawili wakanipa mikono wakanivuta juu, wakanipangusa udongo magotini, na mtu mmoja nyuma yangu akasema umefanya vizuri, mtani. Kisha wakamshusha Gaudensia.